Bihogo na Mguu Wangu wa Kushoto

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi aliniumbua farasi, tena farasi mchanga, jike, ambaye nusura apigwe risasi kwa kosa la mguu wangu. Naandika haya nikiwa nimemaliza vidonge, kadi yangu imefungwa, na vidole vya mikono yangu vyote kumi vipo. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba watu wa huku kwetu bado wanafika hospitali wamechelewa, kila mmoja na uongo wake wa kuficha. Nikasema basi nieleze uongo wangu mimi, maana ninaujua vizuri. Habari za vijidudu waulizeni madaktari.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa mtunza farasi katika kituo cha mifugo kwenye milima ya juu ya Kasulu. Kwetu ni Kumsenga, upande wa Kibondo, na huko farasi watu walikuwa wamemwona kwenye picha tu. Niliporudi likizo wazee waliniuliza kama kweli mnyama huyo hana pembe, na nilipowahakikishia hana walinitazama kama mwongo. Kituoni walikuwepo watatu. Kule juu kuna baridi na mbung'o hawafiki, kwa hiyo waliishi, lakini ukimshusha farasi bondeni hamalizi msimu. Tuliwatumia kukusanya ng'ombe kwenye miteremko ambako gari halipiti.

Mdogo wao aliitwa Bihogo, jina tunalompa ng'ombe mwekundu, kwa sababu sikujua jina jingine la kumpa mnyama mwenye rangi ile. Alizaliwa mikononi mwangu. Kazi ya kumfundisha ilikuwa yangu peke yangu, na nilijivuna nayo kuliko ilivyonifaa.

Nieleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa. Farasi ana mwendo wa kutembea, ana mwendo wa kukimbia kwa midundo miwili, na ana ule wa madaha, midundo mitatu halafu pumziko. Mzungu aliyenifundisha aliuita kenta, nasi tukauita hivyo hivyo. Katika kenta mguu mmoja wa mbele hutangulia. Mkizunguka kuelekea kulia inapasa utangulie wa kulia, na mkizunguka kushoto utangulie wa kushoto. Akikosea, mwili unakwenda huku na miguu inakwenda kule, na penye kona kali atajikwaa mwenyewe aanguke. Mpandaji humwomba kwa miguu yake. Ukitaka atangulize wa kulia, unarudisha mguu wako wa kushoto nyuma kidogo ya mkanda wa tandiko na kumkandamiza ubavuni. Yeye anaelewa.

Bihogo upande wa kushoto alielewa siku ya kwanza. Upande wa kulia alikataa. Nilimzungusha zizini asubuhi kwa asubuhi, tangu mvua za mwisho hadi majani yalipoanza kukauka, na kila nilipomwomba wa kulia alinipa wa kushoto. Nilimwita mkaidi. Nilimwita mwanamke wa Kiha aliyeolewa kwa nguvu, na wenzangu wakacheka. Siku mbili nilimchapa, na hilo silisahau.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilipomtoa tandiko na kumzungusha kwa kamba ndefu, bila mtu mgongoni, alitanguliza mguu wa kulia vizuri kabisa bila kuambiwa. Niliona kwa macho yangu mara nyingi. Mtu mwenye akili angejiuliza ni nini kinachoongezeka pale ninapopanda mimi. Badala yake nikaacha kutumia kamba wakati Afisa, mkubwa wetu wa kituo, alipokuwa karibu.

Maana nilikuwa na baka. Lilikuwa nje ya goti la kushoto, limepauka, halitoki jasho hata nikikimbia. Nililiita mba. Nililipaka mafuta ya taa na majani niliyoelekezwa. Halafu unyayo ukaanza uvivu: nikitembea vidole vilikwaruza chini, na ile kandambili ya tairi ilikuwa inanivuka mguuni nikaendelea hatua tatu au nne kabla ya kujua niko peku. Nilianza kuinua goti juu kama jogoo. Niliwaambia watu niliteguka.

Mwezi wa saba tulikuwa tunarudisha ng'ombe, Afisa akitutazama kutoka mlangoni. Ng'ombe mmoja alichepuka kulia, nikamgeuza Bihogo kwa kasi, akatanguliza wa kushoto kama kawaida yake, na kwenye kona miguu ikapishana. Tulianguka wote wawili. Mimi nilipata mchubuko. Bihogo aliinuka anatetemeka, goti lake linatoka damu, akasimama palepale akiningoja.

Afisa alikuja taratibu. Alikuwa mtu wa kaskazini, mpole wa sauti, na hakuwa na desturi ya kusema jambo mara mbili.

"Ndugu Zabroni, huyu mnyama atamvunja mtu shingo."

"Nitamrekebisha, Afisa."

"Kumuuza hatuwezi. Akishuka bondeni mbung'o watammaliza, na sitaki afe kidogo kidogo kwa watu. Nakupa mpaka mvua za kwanza. Mvua ikinyesha na bado anaanguka kwenye kona, nitampiga risasi mwenyewe."

Nilijibu ndiyo. Nakumbuka kwamba sikusikia lolote moyoni, wala huzuni wala hasira. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule wote. Niliambiwa mambo, nami nikayapokea kama mtu anayesimuliwa habari za jirani wa mbali.

Nilichukua ruhusa nikaenda Kumsenga na mke wangu Anastazia na binti yetu Skola, aliyekuwa na miaka mitatu. Baba mkwe alinitazama nikitembea akasema mguu umeingiwa na baridi, akamwita mganga. Mganga alipasha chuma mpaka kikawa chekundu. Kwetu ukichomwa chuma hushikwi na mtu. Unakaa kwenye kigoda, mikono magotini, ukoo wote umesimama, na mwanamume hupimwa hapo. Nimeona watu wazima wakijikojolea.

Alichoma mara nne kuzunguka goti. Harufu ilikuwa ya nyama, na nilijua ni yangu. Nilikaa nikitazama kuku waliokuwa wanachakura karibu na ghala. Mganga aliponiuliza kama aendelee nilimwambia apendavyo.

"Uyu n'umugabo!" baba mkwe alisema kwa sauti, huyu ndiye mwanamume. Shemeji zangu wawili, ambao siku zote waliniona mchunga wanyama tu, walipiga makofi ya heshima. Nililetewa pombe na mrija wa kwanza nikapewa mimi. Hapo ndipo nilipotumbukia kabisa, kwa sababu nilijua sikuvumilia chochote, na sasa nilikuwa na sifa ya kuilinda. Watu walisimulia habari ile mpaka Kasanda. Anastazia peke yake hakupiga makofi. Alinifunga majani kwenye vidonda, akanawa mikono, akaenda kutwanga.

Tuliporudi kituoni mwezi wa nane ulikuwa unakwisha. Palikuwa na mzee mkimbizi aitwaye Venansi, aliyeingia kutoka Burundi na wale wengi, akiwa na mkewe na sufuria moja. Kazi yake ilikuwa kukata majani ya farasi. Kwao alikuwa ametunza farasi wa Wazungu miaka mingi, lakini hapa hakuna aliyemuuliza na yeye hakujisema. Asubuhi moja aliweka mundu chini, akaegemea uzio na kunitazama nikimzungusha Bihogo.

"Mbega, Zabroni," aliniita, "weye unamwomba nini huyo farasi?"

"Atangulize wa kulia. Hataki."

"Oya, si kwamba hataki. Mguu wako wa kuume unamkaba, unaogopa kuanguka. Huo ndio anausikia, na unamwomba wa kushoto. Anakupa. Farasi ana adabu huyo." Akaonyesha kwa kidevu. "Mguu mwingine uko wapi?"

"Upo."

"Tazama kikuku."

Nilitazama chini. Kikuku cha chuma, kile cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko, kilikuwa kimepanda juu ya kifundo, kimekata ngozi, na kiatu kilikuwa kimejaa damu mpaka inadondoka. Bihogo alikuwa na michirizi ya damu hiyo ubavuni. Sijui nilikuwa nimezunguka hivyo kwa muda gani.

Nikamwambia mimi ni mtu wa kuvumilia, nikamsimulia na habari ya chuma, kwa majivuno kabisa. Mzee yule hakunisifu.

"Ungepiga kelele siku ile ningefurahi," alisema. "Ndugu yangu wa tumbo moja alichomwa hivyo hivyo, akanyamaza hivyo hivyo. Huo ni ukoma, mwana wanje. Vidonge vipo. Nenda."

Alilitaja neno lenyewe, bila kuzungukazunguka. Nilimshukuru, nikamfungua Bihogo tandiko, nikamwogesha. Mikono ilifanya kazi yake. Nilifikiri habari moja tu: kwamba Afisa akijua nitaondolewa, na shemeji zangu wakijua watakuja kumchukua dada yao na mtoto kabla jua halijazama. Niliwahi kuwaona wakimfanyia hivyo jirani, wakabomoa na nyumba. Lakini nisiposema, Bihogo atauawa kwa mguu ambao si wake. Nilipima yote mawili nikaona njia ya katikati. Nitakunywa vidonge kwa siri, mguu utapona kabla ya mvua, nitamfundisha farasi, na hakuna atakayejua. Akili ya mgonjwa hupenda sana njia za katikati.

Kliniki ilikuwa mwendo wa saa nne kwa mguu. Nilimwambia Anastazia naenda kumwona mtu wa kwetu aliyelazwa. Nilitoka alfajiri nikafika jua likiwa kali, nikakaa mwisho wa benchi refu chini ya paa la bati, uso nimeugeuzia ukutani. Mnajua salamu zetu Waha, mtu akija hupigiwa makofi ya taratibu na kuulizwa habari za wote mpaka mbuzi. Pale benchini kila aliyefika alipigiwa makofi hayo hayo. Ila wengine hawakuwa na vidole, na viganja vyao vilitoa sauti nzito, kama mtu anayepigapiga gunia. Mama mmoja mwenye viganja hivyo alinipigia mimi, akaniuliza nyumbani wote hawajambo. Nilimjibu hawajambo. Aliniuliza na farasi, maana alisikia mimi ndiye mtu wa farasi. Nikamwambia yupo. Nadhani hayo ndiyo maneno ya kwanza ya kweli niliyoyasema tangu kiangazi kianze.

Walinipima, wakanikata kidogo kwenye ndewe ya sikio, wakanipa kadi na vidonge vyeupe vya mwezi mmoja. Muuguzi alikuwa mama mnene asiyetabasamu. Nilimuuliza mguu utarudi lini.

"Vidonge vinaua ugonjwa," alisema. "Kilichokwisha kuliwa sikuahidi. Una mke?"

"Ninaye."

"Mlete. Na watoto."

"Nitawaleta."

Alinitazama kwa muda, akaandika kitu, akaita jina la mwingine.

Vidonge vya mwezi wa kwanza nilivificha kwenye chupa ya dawa ya kwato, ghalani. Ngozi ilizidi kuwa nyeusi, na wenzangu wakasema jua limenipenda. Mkono ulivimba kiwiko kwa ndani ukaniuma usiku na mchana, na nitawashangaza nikisema maumivu yale niliyafurahia. Vidonge vya mwezi wa pili nilivipata milima ikiwa imechomwa moto yote, hewa ni moshi mtupu. Mguu haukubadilika. Nilijaribu kuufunga kwenye kikuku kwa kamba. Nilijaribu kushika fimbo mkono wa kushoto. Bihogo alichanganyikiwa, masikio yanakwenda mbele na nyuma, akijitahidi kunielewa. Alikuwa ameanza kuloa jasho kabla sijapanda. Nilimharibu farasi mzuri kwa siku arobaini hivi kwa sababu ya aibu yangu.

Venansi alipita na majani yake kila siku. Hakunisema. Siku moja tu aliweka mzigo chini akasema, "Mawingu yamekaa upande wa Buhigwe," kisha akaubeba tena.

Mvua ilinyesha Jumatano baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa ya kwanza, kubwa, ikapiga vumbi mpaka harufu ya ardhi ikajaa nyumba. Watu wengine walitoka nje kuchezea maji. Alhamisi asubuhi kulikuwa kumekauka, na Afisa alikuja zizini na bunduki ya kituo, ile ya fisi. Hakuwa na uso wa hasira. Aliniambia nimtoe Bihogo nimpeleke nyuma ya josho.

Nilimvisha hatamu. Alinifuata bila wasiwasi, akinusa mfuko wangu kama alivyozoea. Tulitembea mpaka kwenye kona ya zizi, na pale mimi nikasimama. Nasema kweli, hata wakati ule sikusikia uchungu. Niliona tu kwamba hatua inayofuata haiwezekani, kama mlango uliojengewa ukuta.

"Afisa, farasi hana kosa. Mimi nina ukoma. Mguu wa kushoto umekufa, hauwezi kumwomba. Mwambie mzee Venansi ampande."

Afisa alirudi nyuma hatua mbili. Sikumlaumu, kila mtu angerudi. Kisha alimtazama Venansi, ambaye tayari alikuwa ameacha majani yake na kuja.

"Unajua farasi, mzee?"

"Ego, kidogo," alisema Venansi.

Alimvua hatamu akaniachia mkononi, akampanda bila tandiko, suruali imekunjwa, miguu mitupu. Alimtembeza mzunguko mmoja akimsemesha kwa Kirundi, akamkimbiza nusu mzunguko, na penye kona ya kulia nikaona kisigino chake cha kushoto kinarudi nyuma kidogo tu, kiasi cha kidole. Bihogo alitanguliza mguu wa kulia. Alizunguka mara tatu, shingo imelegea, midundo mitatu na pumziko, midundo mitatu na pumziko. Hakukosea hata mara moja. Watu waliokuwa uziani walipiga makofi, na mimi nilisimama nikishika hatamu ambayo haikuwa na kitu.

Afisa alitoa risasi kwenye bunduki akaiweka mfukoni. "Tangu lini?" aliniuliza kutoka pale alipokuwa. Nikamwambia. "Ungeacha mwenzako apigwe risasi ili usiseme?" Alisema farasi atakuwa wa Venansi kuanzia siku ile, na mimi niende kwanza nikatibiwe, mengine yatazungumzwa. Alikuwa na haki, na alifanya kwa upole kuliko nilivyostahili.

Nilipanda kilima kwenda nyumbani nikiwa nimeshapanga maneno. Anastazia alikuwa amekaa kizingitini anamenya muhogo, Skola anacheza na maganda. Nilikaa mbali nao kidogo.

"Mama Skola, nina jambo. Nina ukoma. Nimemwambia Afisa asubuhi hii, kwa hiyo kaka zako watasikia."

Hakuinua kichwa. Kisu kiliendelea.

"Kwa nini umesema leo?"

"Wangemuua Bihogo."

Alimaliza muhogo ule, akautia majini, akachukua mwingine.

"Kwa ajili ya farasi umesema," alisema. "Mimi nimelala ubavuni mwako na mwanao katikati yetu, hukusema."

Nilijaribu kueleza habari za kaka zake. Alinikatiza.

"Wakati wa kuvuna maharage ulikanyaga kaa la moto hapo jikoni ukaendelea kula, Baba Skola. Nikasikia harufu ya ngozi yako ikiungua, wewe husikii. Ningesema mimi, kaka zangu wangenichukua kesho yake, na ingekuwa mimi ndiye niliyevunja nyumba. Neno lilikuwa lako. Nikangoja ulitoe. Baba akakuchomesha chuma, wakakupigia makofi, nikangoja. Ukaenda kumwona mgonjwa wako, ukarudi, nikangoja."

"Mtoto..."

"Mtoto nimempeleka mara tatu. Yeye ni mzima. Wamesema nimpeleke tena mvua zikiisha." Akafuta kisu kwenye khanga. "Mimi nimeanza vidonge mwezi wa saba."

Aliweka kisu chini, akanigeuzia mgongo, akashusha khanga mabegani. Chini kidogo ya shingo, mahali ambapo mtu hawezi kujiona mwenyewe, palikuwa na baka dogo lililopauka, kiasi cha jani la mharage. Nilikuwa nimelala nyuma ya mgongo ule kila siku. Nilisogea karibu. Nilinyoosha kidole, nikaligusa kidogo, na machozi yakanitoka ghafla kama kwamba yalikuwa ya mtu mwingine aliyeyazuia mwaka mzima.

"Unasikia?" nilimuuliza.

"Nasikia," alisema Anastazia. "Mimi niliwahi."